Ndege Ikitunguliwa, Usifute Tiketi

Jana kijana mmoja wa hapa Tabora alinipigia simu anahema kama aliyekimbizwa na nyuki. Dada yake yuko Sydney, anataka kuja kusalimia nyumbani, na kwenye kundi lao la WhatsApp kuna mtu ametuma picha ya ndege inayowaka moto.

"Mzee, afute tiketi?"

Nikamuuliza ndege ya nani. Hajui. Imetunguliwa wapi? Hajui. Imetunguliwa na nani? "Wakubwa, Mzee. Wakubwa wanagombana."

Nikakata simu, nikanywa maji, nikampigia tena. Mimi ni mtu mzima na sitaki kufa kwa presha kwa ajili ya tiketi isiyo yangu. Leo nimekaa kuandika, ili kesho mwingine asinipigie.

Kwa wasionijua, na naambiwa mpo: nimekata tiketi Sydney kwa miaka mingi, karibu yote pale Fairfield, katika ofisi yenye meza mbili na feni moja inayolalamika. Nilipofika Australia nilianzia kiwandani, kazi ya kuwatundika kuku waliochinjwa kwenye ndoano, na jioni nikaenda darasani nanuka kuku hivyo hivyo. Stashahada yangu ya kwanza ni ya Dar es Salaam, ya pili ya Sydney, na zote zimetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni akikaa kwenye kochi kubwa anaziona bila kugeuza shingo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, na siku naondoka Sydney niliombwa nibaki. Sisemi haya kujisifu. Nayasema ili mnaposoma mjue mnasoma kwa nani, maana siku hizi mwenye simu kubwa ndiye profesa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Yusufu, Mkristo wa Iraki, mwenye ofisi. Yeye alianza kukata tiketi Baghdad enzi Marekani na Sovieti zinanuniana, kila mmoja akirusha ndege ya kumchungulia mwenzake, na kila ndege ikidondoshwa mabalozi wanaitwa, wanafokewa, wanafukuzwa. Aliyaona hayo yote akiwa nyuma ya meza, mkononi ana kikombe cha chai isiyo na maziwa. Alikuwa na msemo ambao ningeweza kuuchonga mlangoni: waziri akiongea, endelea na chai, kampuni ya bima ikiongea, simama.

Somo lake la kwanza nililipata mwaka ule Waturuki walipoitungua ndege ya kivita ya Warusi mpakani mwa Syria. Dunia ilisimama kidogo. Mrusi huyo, na Mturuki yuko kwenye umoja wa kijeshi wa Wamarekani; watu wakaanza kuingoja Vita ya Tatu ya Dunia kana kwamba ni treni inayoingia stesheni. Tulikuwa na mteja, muuguzi Mkenya, aliyekuwa anakwenda Ulaya kwenye harusi ya mdogo wake, anapitia Istanbul. Akapiga simu analia. Nikiwa na stashahada yangu mbichi, nikafungua kompyuta nimfutie safari. Mzee Yusufu akaweka kiganja chake juu ya vidole vyangu.

"Shirika limefuta ndege?"

"Bado."

"Basi wewe ni nani?"

Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Ukifuta wewe, hasara ni yako. Shirika likifuta, hasara ni lao: watakurudishia chako au watakutafutia njia nyingine, tena kwa heshima. Kwa hiyo kaa. Usibonyeze kitu. Kuangalia bila kubonyeza ni kazi, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote. "Balozi naye ni hivyo," akasema. "Hafungashi kwa sababu ya kelele. Anasubiri afukuzwe, halafu anaondoka kwa gari la serikali." Yule muuguzi akaenda harusini, akacheza, akarudi na keki. Mimi nilihitaji kuambiwa mara moja tu, nikaelewa. Ninyi naona mnahitaji zaidi.

Somo la pili ni ilani. Ndege ikitunguliwa mahali, nchi hutoa ilani kwa marubani: anga hii isipitwe, kimo hiki, kuanzia saa hii. Ni maandishi makavu, hayana picha ya moto wala mtangazaji aliyekunja uso, ndiyo maana hakuna anayeyatuma kwenye WhatsApp. Mimi niliyasoma kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, kama wengine wanavyosoma Zaburi. Anga ikifungwa, ndege haiachi kwenda, inazunguka. Ikizunguka, inachelewa. Ikichelewa, abiria aliyepewa muda mfupi wa kuunganisha anaikosa ndege ya pili na kulala kwenye viti vya chuma. Kwa hiyo wakati wa mizozo ya wakubwa, fundi wa tiketi haongezi maombi, anaongeza saa za kusubiri. Wateja walininung'unikia: "Baba Neema, mbona umeniweka Dubai nusu siku?" Walikuja kunishukuru baadaye, si wote, lakini wenye akili walikuja.

Sasa niwasimulie Juni ile.

Baridi ya Sydney ilikuwa imeingia, ile isiyo na theluji lakini inayokaa mifupani, kwa kuwa nyumba zao zimejengwa kana kwamba baridi ni uvumi. Iran wakaitungua ndege ya kijeshi ya Marekani, isiyo na rubani, karibu na mlango wa bahari wa Hormuz. Wairani wakasema imeingia kwao. Wamarekani wakasema ilikuwa juu ya bahari ya wote. Rais wa Marekani akasema alikuwa karibu kulipiza, kisha akaghairi. Warusi nao wakatoa onyo lao. Na mimi nikafika ofisini asubuhi nikakuta watu wamejaa mlangoni kama kliniki ya watoto, maana sisi Waafrika Mashariki wa Sydney njia yetu ya nyumbani ni Ghuba, na Ghuba ndipo hapo hapo.

Mhasibu mmoja Mkenya, mtu msomi kabisa, alinielekezea kidole.

"Buda, hizo ndege zetu hupita juu ya hizo makombora. Mimi siendi."

"Umesoma ilani?"

"Nimesoma mahali."

"Mahali wapi?"

"Mahali, buda. Kwani ni korti?"

Nikamwambia anga iliyokatazwa ni kipande, na mashirika yameshaanza kukizunguka. Akasema wanaficha. Nani anaficha? Wao. Vijana, jihadharini na neno hilo, "wao". Limenizeesha kuliko kuku wa kiwandani.

Katikati ya zogo hilo akaingia Mama Shantali, na mpwa wake Dio nyuma yake. Mama Shantali ni Mrundi. Aliishi Doonside na wanawe watatu na kufanya kazi ya kuwatunza wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Aliletwa Australia kutoka kambi ya Kigoma, lakini mama yake alibaki kambini kwa sababu faili zao zilikuwa mbili. Miaka ikapita hawajaonana, na sasa yule bibi alikuwa mgonjwa wa figo, na habari zilizokuwa zikija hazikuwa za kupona. Nilikuwa nimemkatia Mama Shantali tiketi ya kwenda Dar kupitia Dubai, aondoke wiki inayofuata. Kibali cha kuingia kambini kilikuwa tayari. Ruhusa ya kazini tayari. Mikoba tayari.

Dio alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, anakaa Kensington na wenzake. Kijana mzuri. Alikuja Australia akiwa mdogo, Kiswahili chake kinatembea kwa magongo.

"Anko, usiwe na presha," akaniambia. "Nimeshaisoti. Nimefuta ile ya Dubai. Kuna njia ingine, stop mbili tu, haiendi Ghuba."

"Umefuta?"

"Kwenye apu. Chapchap."

"Shirika lilikuwa limefuta ndege?"

"Hapana. Mimi nimewawahi."

Nilikaa chini. Nikamwomba Mzee Yusufu chai, naye akaileta bila kuuliza, akasimama kando kuangalia, maana alijua kinachokuja ni burudani.

"Hiyo njia yako inapita wapi?"

Akanitajia miji miwili.

"Na shangazi yako anasafiri na nini?"

"Pasi."

"Pasi gani?"

Dio akamgeukia shangazi yake. Mama Shantali akafungua mkoba na kutoa hati yake ya kusafiria, ile wanayopewa wakimbizi. Uraia alikuwa bado anausubiri. Dio, aliyekwishapata pasi ya Australia, alikuwa hajawahi kufikiri kwamba watu wawili wa ukoo mmoja, wanaokula chungu kimoja, wanaweza kusimama kwenye dirisha moja la uhamiaji, mmoja akapita na mwingine akazuiwa. Katika miji yake yote miwili, hati ile ilihitaji viza hata kwa kubadilisha ndege tu. Angemtoa shangazi yake kwenye vita ya kufikirika na kumtia kwenye chumba cha uhamiaji cha kweli.

"Sori, anko," akasema kwa sauti ndogo.

"Usiniombe mimi msamaha. Mwombe yule mtu wa kwanza aliyekuambia apu ni elimu."

Hapa nisikilizeni, kwa kuwa hili hamtafundishwa. Aliyefuta safari amekiachia kiti, lakini tiketi yenyewe haifi papo hapo. Mradi hajaomba kurudishiwa pesa, bado ina uhai. Nikapiga simu kwenye shirika. Siku za mzozo yule anayepokea naye ametukanwa tangu alfajiri, kwa hiyo huanzi na shida yako. Unaanza kwa kumuuliza ameshindaje. Dada yule alipumua. Tukaongea. Mwisho wa maongezi kiti kilikuwa kimerudi, na kwenye kumbukumbu za tiketi ameniandikia kwamba, kwa sababu ya kuzungushwa kwa njia, abiria anaweza kubadilisha tarehe mara moja bila faini. Mzee Yusufu alipiga makofi mawili, na Mzee Yusufu hakuwa mtu wa kupiga makofi.

Nikamgeukia Mama Shantali nikitarajia shukrani.

"Asante, Baba Neema," akasema. "Lakini siendi."

Ofisi yote ikamsikia. Yule mhasibu akatikisa kichwa kwa furaha, kama aliyeshinda kesi.

Nikachukua ramani. Nikamwonyesha Hormuz iko wapi na ndege yake itapita wapi. Nikamweleza tofauti ya ndege ya upelelezi na ndege ya abiria. Nilieleza vizuri sana, na mhasibu aliacha kutikisa kichwa. Mama Shantali akaniacha nimalize, kwa adabu yake.

"Miye siko naogopa kuanguka," akasema. "Ndege ikianguka na mtu yuko ndani, basi, amekwisha. Kwetu ndege ilipoanguka, waliokufa hawakuwa ndani."

Nilijua anasema nini. Nyinyi wadogo mmesoma tu: marais wawili, wa Rwanda na wa Burundi, ndege moja, ikatunguliwa, na yaliyofuata. Yeye alikuwa mtoto wakati huo. Walikuwa wamekimbilia kusini mwa Rwanda kutoka kwao, na siku ile mama yake alikuwa ameondoka asubuhi kufuata dawa mji wa pili, kurudi kesho yake. Kesho yake njia zikawa zimefungwa. Mama Shantali alitembea mpaka Tanzania na majirani. Mama yake alikuja kumpata kambini baadaye sana, binti amekuwa mrefu, na kwa muda binti huyo hakutaka kumwita mama.

"Sasa ndege imeanguka tena," akasema, "na mimi ndiye mama niliyefunga mkoba. Wakubwa wakianza, wanafunga mbingu. Nitabaki kule, watoto watabaki huku. Shantali ataniita nani siku nikirudi?"

Vijana, mteja akikataa ramani, iondoe mezani. Wakala mwingine angeendelea na vimo na makombora mpaka mama wa watu aondoke. Mimi niliikunja. Hapo nilijua swali halikuwa njia ya kwenda, lilikuwa njia ya kurudi, na njia ya kurudi ndiyo ninayoijua.

"Dio," nikasema, "chumba chako Kensington kina nini?"

"Godoro. Na meza."

"Godoro linahamishika. Utakaa Doonside na watoto mpaka shangazi yako arudi. Chuoni utakwenda kwa treni na basi kama watu wengine. Shuleni kwao watajua jina lako leo, si kesho."

"Na mitihani, anko?"

"Vitabu vinasomeka ndani ya treni. Mimi nilisoma nikinuka kuku."

Akainamisha kichwa, akakubali, na namsifu kwa hilo kuliko kwa uhandisi wake. Kisha nikamwonyesha Mama Shantali njia ya kusini, kupitia Johannesburg. Nikamwambia viza ya kupitia huko tunaiomba leo, wala si lazima aitumie. Iwe ndani ya hati yake tu. Ghuba yote ikifungwa kuanzia maji mpaka mawingu, bado kuna mlango, na mlango huo hauko vitani na mtu.

Mama Shantali akamuuliza Dio, kwa Kirundi, jambo nisilolielewa. Dio akajibu. Akamuuliza tena jambo lile lile, na Dio akajibu tena, safari hii amemtazama machoni.

"Nitakwenda," akasema. "Watoto wana Dio. Mama yangu hana mtu mwingine."

Viza ilitoka siku ya mwisho, nikiwa nimeshapoteza sauti kwa kuifuatilia. Akaondoka. Ndege yake ilizunguka kama nilivyosema, ikachelewa kama nilivyosema, na abiria wengine wa Afrika Mashariki waliokata tiketi kwa wajanja wa mtandaoni walilala Dubai kwenye viti. Yeye aliikuta ndege yake ya Dar bado haijafungua mlango. Sijui ni mara ngapi inabidi mtu awe sahihi ndipo asikilizwe.

Kutoka Dar akaenda Kigoma, na kutoka Kigoma akaenda kambini. Kisha kimya. Dio alinipigia kuniambia watoto wako salama, wanalalamika kwa Kiingereza kwamba anapika wali kila siku.

Siku chache baadaye simu ya Tanzania ikaita.

"Baba Neema, unirudishe."

"Nani? Mama Shantali? Umeshamwona mama?"

"Nimemwona. Ameniona. Amesema inatosha."

"Inatosha vipi? Hujakaa hata wiki."

Nilikasirika, siwafichi. Nimemfufulia tiketi iliyozikwa, nimepigania viza, nimehamisha godoro kutoka Kensington, na yeye anataka kurudi hata vumbi la safari hajaoga. Nikamwambia anga iko wazi, wakubwa wamepoa, akae amuuguze mzazi wake. Nikasikia sauti nyingine kwa nyuma, kisha simu ikabadili mkono.

"Weye ndiye wa tiketi?"

Ilikuwa sauti ya bibi, nyembamba, imepungukiwa pumzi.

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nilisikia redioni ndege imeangushwa. Nikamtuma mtu amwambie asije. Hamkumwambia."

"Hatukupata habari, mama. Lakini hakuna vita. Ndege zinapita vizuri, nimehakikisha mwenyewe."

"Na sisi walituambia hivyo hivyo."

Akapumzika. Nilimsikia anavuta pumzi, na mtu anamnywesha kitu.

"Nimemshika mkono, nimemshika na uso," akasema. "Ameniita mama. Mrudishe kwa watoto wake."

Mezani kwangu kulikuwa na ilani ya asubuhi ile, mpya kabisa, na ramani, na stashahada mbili kichwani. Kila nilichokijua kilisema bibi amekosea. Nikatumia ile nafasi moja ya kubadilisha tarehe bila faini, nikampa ndege ya kwanza yenye kiti, na saa nyingi za kusubiri Dubai kama kawaida.

Alirudi. Vita haikuja, wakubwa walinung'unika mpaka wakachoka, kama wafanyavyo mara nyingi. Bibi alifariki kabla mvua za vuli hazijakatika. Kwenye msiba, pale Doonside, watu wakaanza minong'ono yao: mnaona sasa, angebaki tu, angemzika mama yake, kilichomkimbiza ni nini. Waliosema hivyo ni wale wale waliokuwa mlangoni kwangu mwezi Juni wakitaka kufuta tiketi. Mama Shantali alikuwa jikoni na wanawe, hakuwajibu.

Niliwajibu mimi, nikiwa nimesimama katikati ya sebule, na sauti haikuwa ya msibani. Yule mhasibu alikuwa mmoja wao, na pamoja naye mzee wa kanisa aliyesafirisha familia ya watu sita kila Krismasi, wateja ambao wakala yeyote wa Fairfield angewapigia magoti. Niliwaambia kuanzia siku hiyo wakatafute tiketi zao kwenye apu.

Mzee Yusufu aliposikia aliniuliza kama nina wazimu. Kisha akanimiminia chai.